Ukimya Uliolipiwa na Vibao

Mnamo Septemba 1988, redio za Uingereza zilikuwa za Kylie Minogue na Rick Astley. Katika msimu huo huo kampuni ya EMI, kupitia lebo yake ya Parlophone, ilipeleka madukani santuri ya Talk Talk iitwayo Spirit of Eden. Ilikuwa na nyimbo sita tu. Tatu za upande wa kwanza zimeungana bila kituo kwa zaidi ya dakika ishirini. Wimbo wa mwanzo unafunguka kwa tarumbeta ya mbali na nyuzi zinazovutwa taratibu, na dakika kadhaa zinapita kabla ya mwimbaji kufungua kinywa. Mtangazaji wa redio angeanzia wapi kuupiga?

Kundi lenyewe halikuwa geni kwa wasikilizaji. Mark Hollis, kijana wa Tottenham, alilianzisha mwaka 1981 pamoja na Paul Webb kwenye besi, Lee Harris kwenye ngoma na Simon Brenner kwenye kinanda. EMI iliwauza kama ilivyowauza Duran Duran, ambao Talk Talk waliwafungulia maonyesho: vinanda vya umeme, suti, video. Albamu ya pili, It's My Life ya mwaka 1984, iliwapa jina zaidi Ulaya bara kuliko nyumbani. Ya tatu, The Colour of Spring ya mwaka 1986, ilifika nafasi ya nane Uingereza na kuwa yenye mauzo makubwa kuliko zote walizowahi kutengeneza.

Hapo ndipo penye siri ya Spirit of Eden. Vibao ndivyo vilivyolipia ukimya. Bila fedha za The Colour of Spring, hakuna kampuni ambayo ingemwachia Hollis studio kwa miezi mingi hivyo, tena bila kusikia kilichokuwa kikirekodiwa. Na aliyekuwa na sikio angeona dalili mapema. Katika albamu hiyo ya tatu vinanda vya umeme vilikwisha kupungua, na ala za mbao na pumzi zilikuwa zimeanza kushika nafasi.

Walirekodi katika studio ya Wessex, London ya kaskazini, jengo lililokuwa ukumbi wa kanisa na ambamo The Clash walitengeneza London Calling. Kazi ilianza mwaka 1987 na kuingia mwaka uliofuata. Pembeni ya Hollis alikuwepo Tim Friese-Greene, prodyuza na mtunzi mwenzake ambaye hakuwahi kuhesabiwa rasmi kama mwanakundi, na fundi mitambo Phill Brown. Taa zilizimwa. Kilichobaki ni mwanga wa projekta za mafuta zilizomwaga rangi kutani, na taa ya kumetameta. Saa hazikuwa na maana humo ndani.

Wanamuziki waalikwa waliingia gizani wakaambiwa wapige watakavyo. Alikuja Nigel Kennedy na fidla yake, kabla hajavuma duniani kwa rekodi ya Vivaldi. Alikuja Danny Thompson na besi ya kusimama, Henry Lowther na tarumbeta, Mark Feltham na harmonika, hata kwaya ya kanisa kuu la Chelmsford. Mtu angepiga kwa saa nyingi, kisha Hollis na Friese-Greene wakachagua sekunde chache na kuzipachika mahali ambapo mpigaji mwenyewe hakuwahi kupafikiria. Muziki unaosikika kama wa watu waliokaa pamoja chumba kimoja, basi, ulishonwa vipande vipande. Mimi naona huo ndio ufundi mkubwa wa albamu hii, mkubwa kuliko hata sauti ya Hollis, ambayo mara nyingine huzama hadi maneno yasishikike.

Leo hadithi husimuliwa kirahisi: kazi ya kipaji ilitolewa, hakuna aliyeielewa, miaka ikapita, dunia ikazinduka. Haikuwa hivyo kabisa. Albamu ilifika nafasi ya 19 Uingereza, na wapo wahakiki walioisifu tangu wiki za mwanzo, ingawa baadhi yao walitania kwamba watu wa mauzo wangelia. Kilichoshindikana ni biashara. Hollis alikataa ziara, kwa hoja kwamba muziki ule usingeweza kurudiwa jukwaani. EMI ilikata wimbo I Believe in You, unaohusu heroini, ukawa mfupi wa kuuzwa peke yake, na video ikapigwa. Wimbo haukufika popote pa kutajika, na Hollis aliijutia video ile.

Ugomvi wa kundi na kampuni, hata hivyo, ulikuwa wa mkataba. EMI ilitaka kuendelea na kundi, kundi likataka kuondoka. Talk Talk walidai kwamba muda wa kampuni kutoa taarifa ya kuongeza mkataba ulianza kuhesabiwa siku albamu ilipokamilika, na ulikuwa umekwisha. EMI ikajibu kwamba muda hauanzi mpaka kampuni iridhike na kilicholetwa. Jaji wa kwanza aliipa EMI haki, Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi wake. Kundi likahamia Polydor, ambako mwaka 1991 lilitoa Laughing Stock, albamu kali zaidi, kisha likasambaratika. Hollis alitoa albamu moja peke yake mwaka 1998, akaacha muziki na kukaa na familia yake hadi alipofariki mwaka 2019.

Sifa ziliongezeka akiwa kimya. Mwaka 1994 mhakiki Simon Reynolds alipoanza kuandika juu ya muziki alioupa jina la post-rock, wengi waliotafuta asili yake waliishia kwenye santuri hizi mbili za mwisho.

EMI nayo haikukaa bure. Mwaka 1990 ilikusanya vibao vya zamani katika Natural History, iliyouza zaidi ya nakala milioni moja. Ikanogewa, na mwaka uliofuata ikatoa nyimbo zilizochanganywa upya bila ridhaa ya kundi. Hollis akashtaki, na nakala zilizosalia zikateketezwa. Mwaka 1997 kampuni hiyo hiyo iliisafisha sauti Spirit of Eden na kuirudisha sokoni. Mwaka 2012 ikairudisha tena, safari hii kama santuri ya vinyl.