Daftari la Debian

Kompyuta kuukuu ya klabu yetu inaendeshwa na Debian. Kila mwezi mwenye zamu hufungua skrini nyeusi, huandika apt update, kisha apt upgrade, hukubali kila anachoulizwa na kwenda zake kupika chai. Nami nilifanya hivyo hivyo mwaka mzima kabla ya kujiuliza amri hizi zimetoka wapi.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitoa kiini cha Linux. Kiini peke yake hakimfai mtu wa kawaida. Kinahitaji programu nyingi nyingine, zilizoandikwa na watu wasiojuana. Mkusanyo mmoja uliotumika sana wakati huo, SLS, ulikuwa na kasoro tele, na kasoro hizo ndizo zilizomchosha Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani. Agosti 1993 akatangaza mradi wa Debian, jina aliloliunga kutoka la mpenzi wake Debra na lake mwenyewe.

Tatizo kubwa halikuwa kuandika programu bali kuzitunza. Programu ya kutazamia picha inadai maktaba fulani ya msimbo. Maktaba hiyo inadai nyingine, tena ya toleo maalumu. Fundi alizisaka moja moja, na siku ya kuondoa hakujua faili ipi ni ya nani. Dawa ya Debian ilikuwa kuweka daftari. Programu ya dpkg, ambayo Ian Jackson aliiandika upya kwa lugha ya C mwaka 1994, hurekodi kila kifurushi kilichoingia, faili zake na vifurushi kinavyovitegemea. Daftari hilo lipo hadi leo, maandishi matupu, katika /var/lib/dpkg/status. Lifungue siku moja ulisome. Debian 2.1 ya mwaka 1999 ikaleta apt, inayolinganisha daftari hilo na orodha iliyopo kwenye seva, kisha inaleta kila kinachohitajika kwa mpangilio wake.

(Ubuntu, iliyozaliwa mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilijengwa juu ya kazi hii hii. Jina lake ni ndugu wa neno letu utu.)

Lakini kumwachia mtu mwingine mashine yako ni kumwamini, na mwaka 2008 imani hiyo ilitikisika. Miaka 2 nyuma, mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL ndani ya Debian aliondoa sehemu ndogo ya msimbo iliyokuwa ikizua onyo katika chombo cha ukaguzi. Hakuwa na nia mbaya. Ila sehemu hiyo ndiyo iliyokuwa ikikoroga namba za nasibu zinazozaa funguo za siri. Baada ya kuondolewa, kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato tu, yaani funguo 32,768 kwa kila aina na ukubwa. Mwenye subira angeweza kuzitengeneza zote nyumbani na kuzijaribu moja baada ya moja.

Husemwa kwamba programu huria ni salama kwa sababu macho mengi yanaitazama. Mimi sikubali moja kwa moja: msimbo ule ulikaa hadharani karibu miaka 2. Hatimaye Luciano Bello, mmoja wa watu wa Debian wenyewe, akaigundua hitilafu, na tarehe 13 Mei 2008 mradi ukaitangaza waziwazi pamoja na marekebisho. Amri zilikuwa za apt ile ile.

Hata hivyo, amri hizo zilirekebisha kiwanda tu. Funguo zilizokwisha kutoka zilibaki mbovu. Watumiaji walilazimika kutengeneza mpya, na ufunguo dhaifu ulifungua hata seva isiyotumia Debian, mradi mwenyewe aliunakili huko. Ndiyo maana OpenSSH ya Debian ilikuja na orodha ya funguo zilizojulikana kuwa mbovu, ili seva izikatae mlangoni, pamoja na chombo cha kuzitafuta kwenye mashine. Bado wasimamizi wa seva walipitia akaunti za watumiaji mmoja mmoja, wakiwaandikia wenye funguo hizo wabadilishe.