Wayback Machine

Wayback Machine ni huduma ya mtandaoni inayoonyesha tovuti jinsi zilivyokuwa zamani. Inaendeshwa na Internet Archive, shirika lisilolenga faida lenye makao yake San Francisco, Marekani, lililoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Wayback Machine ilifunguliwa kwa umma mwaka 2001.

Matumizi yake hayahitaji utaalamu. Mtu huandika anwani ya tovuti, naye huletewa mstari wa miaka na kalenda ambamo kila siku yenye nakala imewekewa duara la rangi. Akibofya duara, ukurasa wa siku hiyo hufunguka. Google ya mwishoni mwa 1998, kwa mfano, bado ina alama ya mshangao mwishoni mwa jina lake, na kuitazama ni burudani tosha.

Nakala hizo hukusanywa na programu zinazozunguka mtandaoni zikifuata viungo. Mtu yeyote pia anaweza kuagiza ukurasa unakiliwe papo hapo, na hapa ndipo faida kubwa ilipo: mwandishi wa habari huhifadhi tamko la ofisi kabla halijabadilishwa, na Wikipedia hufufua marejeo yaliyokufa. GeoCities, huduma iliyohifadhi kurasa binafsi za wavuti, ilipofungwa mwaka 2009, kurasa nyingi za watu wa kawaida ziliokolewa katika Wayback Machine.

Si kila kitu hupatikana. Kurasa zinazodai nywila hukosekana, picha nyingine hazijitokezi, na Oktoba 2024 mashambulizi ya kimtandao yaliifunga huduma hiyo kwa siku kadhaa.