Bati la Mgongoni

Ukishuka basi Voi saa nane mchana, joto linakupokea kabla ya wapiga debe. Panda matatu hadi Wundanyi, juu kwenye Milima ya Taita, na jioni utatafuta sweta. Tofauti hiyo ndiyo iliyoiua amplifaya ya kwaya yetu mara mbili. Wundanyi ilipiga kutwa nzima bila neno. Voi, chini ya turubai, ilinyamaza kabla mahubiri hayajaisha. Tukanunua kifaa kingine, nacho kikafa vile vile, na mhazini wetu akaanza kusema fundi ametuuzia feki.

Mzee fundi hakukasirika. Alifungua boksi, akanusa, akagusa bati la kupozea. “Hii sio feki, wanangu,” akasema. “Mmeipika.”

Kilichopikwa ni kidude cha miguu mitano kinachoitwa TDA2030. Kilikuwa na mwenzake, kila kimoja na spika yake. Mafundi wengi wamekizoea kama “aisii ya amplifaya”, lakini ukikichunguza utakuta ni wa ukoo mmoja wa zamani: amplifaya ya operesheni, au opampu, iliyopewa misuli ya kusukuma spika.

Ukoo huo ulizaliwa vitani. Sisi wa Taita Taveta hatushangai kusikia hivyo. Reli ya Voi kwenda Taveta ilianza kujengwa mwaka 1915 ili kubeba askari na mizigo ya upande wa Waingereza waliokuwa wakipigana na Wajerumani, na Februari 1916 jeshi hilo likarudishwa nyuma pale Salaita. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, tatizo lilikuwa ndege. Bell Labs kule Marekani walihitaji mtambo wa kukokotoa ndege itakuwa wapi sekunde chache zijazo, ili mzinga uelekezwe huko. Karl Swartzel alibuni amplifaya ya valvu iliyofanya hesabu kwa kutumia volti: kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Hizo ndizo operesheni zenyewe. John Ragazzini na wenzake wakalichapisha jina hilo mwaka 1947, nalo halijabanduka.

Valvu ilikuwa jiko dogo, kwa hiyo historia yote iliyofuata ni ya kupunguza moto. Mwaka 1965 kampuni ya Fairchild ilitoa µA709, kazi ya Bob Widlar, ikiwa yote ndani ya kipande kidogo cha silikoni. Mwaka 1968 ikaja µA741 ya Dave Fullagar, na hiyo bado inafundishwa vyuoni hadi leo. Ni rahisi, ni mpole, haipati joto la kutisha. Lakini mkondo wake hauzidi milliampea 25 hivi. Ukiifungia spika ya ohm 4, utasikia mnong'ono tu.

Basi moto ukarudi. Wahandisi waliweka transista kubwa ndani ya kifurushi kile kile. Widlar huyo huyo, safari hii akiwa National Semiconductor, alishiriki kubuni LM12, opampu inayoweza kutoa ampea 10. Humo ndani waliweka mlinzi anayefuatilia joto la transista na kuzibana likizidi. TDA2030 nayo ina mlinzi wake. Ndiyo maana ya kwetu ilikuwa ikinyamaza, ikipoa inarudi, nasi tunashangilia na kuongeza sauti, mpaka siku mlinzi mwenyewe akachoka.

Mzee alichukua kalamu akatuandikia hesabu nyuma ya risiti. Umeme wetu ulikuwa volti 16 juu na 16 chini, spika ohm 4. Kwa hali hiyo kidude kimoja kinaweza kutupa kama wati 13 za joto tupu. Kutoka kwenye silikoni hadi mgongoni ni nyuzi 3 kwa kila wati. Karatasi ya mika na grisi nyeupe, tuseme 1. Bati letu dogo, 4. Jumla 8. Mara 13, ni nyuzi 104 juu ya joto la hewa inayokizunguka. Wundanyi, hewa ikiwa nyuzi 20, silikoni inafika 124. Voi, ndani ya boksi lililofungwa chini ya turubai, hewa ikifika 50, unapata 154. Kikomo cha kidude ni 150.

Mhazini akauliza, “Sasa tukipunguza sauti si kitapoa?”

“Sio lazima,” Mzee akamjibu. Sauti ya chini kabisa, ndiyo, haina shida. Lakini amplifaya ya namna hii haipati joto jingi zaidi ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Inapata jingi zaidi katikati, karibu na asilimia 40 ya nguvu yake kamili, kwa sababu hapo transista zinabaki na sehemu kubwa ya volti huku mkondo nao ni mkubwa. Yaani pale ambapo sisi tulidhani tunaihurumia.

Dawa yake haikuhitaji kifaa kutoka ng'ambo. Alitafuta bati kubwa zaidi, akalifunga nje ya boksi, mapezi yakiwa wima ili hewa moto ipande yenyewe. Grisi alipaka kiasi cha kujaza mikwaruzo tu. Mika hakuiacha, maana mgongo wa kidude hicho umeungana na umeme wa chini; bati likigusa bodi bila mika, ni shoti. Akatoboa matundu chini na juu, akaweka feni ya kompyuta mbovu.

Mhazini alilipa, akaomba radhi. Mzee akacheka tu, akasema alijifunza hayo kwa kuunguza vya watu miaka ya nyuma, tena kwa hasara yake mwenyewe.

Majina ya Swartzel, Widlar na Fullagar yameandikwa. Lakini karatasi za vipimo wanazotoa watengenezaji huanza hesabu kwenye nyuzi 25, na Voi mchana haianzii hapo. Pengo hilo limezibwa na mafundi wa vibandani, bati kwa bati. Ile risiti bado iko ndani ya daftari la kwaya.