Mtu wa Kumdai: Ipuli na Historia ya Msaada Unyanyembe

Ipuli ni kata ya Manispaa ya Tabora, na wanaofuatilia mambo ya ustawi wa jamii wanaijua kwa makazi ya wazee wasiojiweza yanayotunzwa na Serikali. Makazi ya namna hiyo yapo pia Nunge jijini Dar es Salaam, Bukumbi mkoani Mwanza na Kolandoto mkoani Shinyanga. Haya ya Ipuli, hata hivyo, yako Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi yenye mji wa Tabora, ambako swali la nani amtunze mtu asiye na ndugu ni la zamani kuliko serikali yoyote iliyowahi kulijibu. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, walikuta mji ambao karibu kila mtu alikuwa ametoka kwingine: wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, wapagazi wanaopumzika, mateka kutoka nchi za maziwa. Katika mji kama huo ufukara haukupimwa kwa mali peke yake. Fukara wa kweli alikuwa yule ambaye, akiugua, hapakuwa na mtu aliyewajibika kwake. Nitakalolitetea hapa ni kwamba, katika njia ya misafara, msaada uliodumu ulikuwa ule uliompa mhitaji mtu wa kumdai. Uliotegemea huruma ya mtoaji uliondoka naye.

Chukua mpagazi wa Kinyamwezi. Alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa miezi mitatu au zaidi kati ya Bagamoyo na Tabora, posho yake ikipimwa kwa kibaba, na ndui ikiingia kambini hakuwa na hospitali wala mwajiri wa kumlilia. Mgonjwa aliyeshindwa kutembea aliweza kuachwa njiani na mzigo wake ukagawiwa wenzake. Kinga yake ya kwanza ilikuwa wenzake wa chungu kimoja. Ya pili, iliyofika mbali zaidi, ilikuwa utani wa makabila. Kuna wataalamu wanaoueleza utani kwa vita vya zamani na wengine kwa biashara ya misafara. Kwa Wanyamwezi na Wazaramo naona hoja ya biashara ina nguvu, kwa sababu makabila haya mawili hayapakani na barabara ndiyo iliyoyakutanisha. Leo tunaukumbuka utani kwa matusi yake ya kuchekesha, tukasahau kazi yake nzito: mtani ndiye wa kuchimba kaburi, kuosha maiti, kumpokea mgeni. Hakuombwa afanye hisani. Aliitwa, na akikataa aibu ilikuwa yake na ya watu wa kwao. Na kwa kuwa kesho yeye ndiye angekuwa mgeni, aliyesaidiwa hakulazimika kuinamisha kichwa. Tena alikuwa na ruhusa ya kumtukana aliyemsaidia, jambo ambalo sijaona mfuko wowote wa misaada ukiliruhusu.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Utani ulimfaa mwenye kabila. Mtoto aliyetekwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akauzwa Tabora angemtania nani? Wilaya hii ilikuwa miongoni mwa zile zenye watumwa wengi zaidi katika koloni lote la Wajerumani, na baadhi ya watumwa hao walikuwa mali ya wapagazi wenyewe, kwa hiyo si halali kuupamba utani kana kwamba uliwakumbatia wote. Pengo hilo ndilo lililowavuta wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadri Weupe. Msafara wao wa kwanza ulipita hapa mwaka 1878, na katika miaka ya 1880 walikuwa na kituo Kipalapala, jirani na mji, walikowalea watoto waliowakomboa kwa kuwanunua. Fedha zilitoka kwa waumini wa Ulaya, ambako mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alizunguka miji mikubwa mwaka 1888 akihubiri dhidi ya utumwa. Lawama kwamba kununua mtumwa ni kulipasha soko moto si za kupuuzwa, ingawa kwa mtoto aliyekombolewa lawama hizo hazikuwa na maana yoyote.

Udhaifu wa Kipalapala naona ulikuwa mahali pengine. Watoto walikuwa na mlezi mmoja tu, na mlezi huyo alikuwa mgeni. Mwaka 1889, vita vya pwani dhidi ya Wajerumani vilipokuwa vimeitikisa njia yote na uhusiano na Mtemi Isike wa Unyanyembe umeharibika, mapadri waliondoka na kituo kikafungwa. Linganisha na Adrien Atiman. Naye alitekwa akiwa mtoto, katika nchi ambayo sasa ni Mali, akakombolewa na mapadri hao hao, akasomea utabibu Malta, kisha akapelekwa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko alioa, akatibu watu, na akabaki hadi alipofariki mwaka 1956. Naye alikombolewa na wageni wale wale. Kilichomtofautisha ni kwamba alipata wakwe, majirani na wagonjwa: watu aliowadai na waliomdai.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na upagazi wa masafa marefu ukafa. Mwaka 1922 Waingereza wakaufuta utumwa kwa sheria. Sheria ile ilimwondolea mtumwa bwana wake, ila haikumpa shamba wala ukoo. Ukoo nao si ngome ya kutegemewa daima. Katika mikoa ya Tabora na Shinyanga vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni yakitajwa kuwa ushahidi, na mara nyingine tuhuma hizo huanzia ndani ya familia. Kwa hiyo anayesema wazee warudishwe tu kwa ndugu zao na makazi yafungwe anasema jambo la hatari, hata kama Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitaja familia kuwa msingi wa matunzo na makazi kuwa kimbilio la mwisho.

Lakini kimbilio la mwisho kinahitaji zaidi ya magunia ya unga na katoni za sabuni zinazoletwa na wafadhili siku za sikukuu. Kinahitaji kumpa mzee mtu wa kumdai, na mfano upo: Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe amewahi kuajiriwa au la. Kiasi kilikuwa kidogo, na wapo waliosema ni afadhali fedha hizo wapewe maskini peke yao. Ila anayechaguliwa kwa umaskini wake hubaki akisubiri mchaguzi, na mchaguzi hubadilika. Mzee wa Unguja ambaye malipo yake yamechelewa anajua ofisi ya kwenda kuuliza, na anauliza kwa sauti ya mtu anayedai chake. Bara mzee asiye na pensheni ya ajira hana dirisha la namna hiyo.