Mbiu na Redio: Taarifa ya Habari katika Nyanda za Juu Kusini

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Mpiga mbiu wa kale aliwashtua watu kwa pembe, akawatajia jambo kwa ufupi, kisha akalieleza kwa ukamilifu. Ndugu msomaji, ukiitegea sikio taarifa ya habari utaona kwamba redio imeirithi kazi hiyo. Kwanza hulia mlio wa kituo. Msomaji hutaja saa na jina lake. Hufuata vichwa vya habari, kisha habari zenyewe. Na mwishoni vichwa hurudiwa. Mpango huu si pambo. Msomaji wa gazeti aweza kurudi nyuma asipoelewa, ilhali msikilizaji hana njia ya kurudi.

Kwa sababu hiyo hata sarufi hubadilika. Katika Kiswahili kiambishi “a-” humwakilisha mwanamume na mwanamke, mlalamikaji na mlalamikiwa. Habari ikiwa na watu wawili, neno “amesema” peke yake humwacha msikilizaji gizani. Hapana budi mhariri arudie jina au cheo, afupishe sentensi, na apunguze tarakimu.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo cha Sauti ya Dar es Salaam, kilichosikika mjini humo na kandokando yake tu. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965, baada ya Uhuru, Serikali ikalitwaa na kuanzisha Radio Tanzania. Ndipo Mnyakyusa wa Tukuyu na Mhehe wa Kalenga walipoweza kusikia habari moja, kwa lugha moja, saa ile ile. Faida yake kwa taifa ilikuwa kubwa. Katika kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973, vikundi vya kujisomea vilikusanyika kando ya redio nchini kote, na inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni 2 walishiriki.

Hata hivyo, njia ya habari ilikuwa ndefu. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa Isimani. Jambo lilikuwa la Iringa, lakini Iringa haikuwa na kituo chake cha kulitangaza. Mwenye redio mjini humo alitegemea habari ipande hadi Dar es Salaam, ihaririwe huko, ndipo imrudie kwa mawimbi ya hewani. Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA, lililoundwa mwaka 1976, lilisaidia kukusanya habari za mikoani. Hata hivyo aliyeamua lipi litangulie na lipi liachwe alikaa mbali na nyanda hizi.

Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo vya watu binafsi, mashirika ya dini na jamii. Katika miaka iliyofuata vikazuka vituo kama Ebony FM Iringa, Bomba FM Mbeya na Chai FM Rungwe. Sasa gari la viazi likipinduka mlima Kitonga, habari yaweza kuwa na sura mbili. Taarifa ya taifa hutaja idadi ya waliokufa na kauli ya polisi. Taarifa ya mkoa huongeza yale anayoyangoja jirani: je, barabara imefungwa? Majeruhi wamelazwa wapi?

Tuitazame kazi yenyewe. Asubuhi mhariri na waandishi hugawana safari: huyu polisi, huyu sokoni, huyu mahakamani. Mwandishi hurudi na maandishi na sauti aliyoinasa. Mhariri huuliza: nani kasema, nani kathibitisha, upande wa pili umesikilizwa? Kisha hupanga habari kwa uzito wake. Dakika 10 hupita upesi, na kila habari inayoingia huisukuma nyingine nje.

Hapo ndipo penye mtihani. Tuchukue mfano wa lumbesa, gunia la viazi lililojazwa kupita kipimo, ambalo mkulima hulipwa kana kwamba ni gunia la kawaida. Mkuu wa wilaya akilipiga marufuku, kauli yake i tayari kwa Kiswahili safi, nayo huwekwa mwanzoni. Mama mkulima wa Uporoto, anayejua bei na hasara kuliko wote, huenda akajieleza vema zaidi kwa Kisafwa. Lugha za utangazaji ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo maneno yake hayana budi kufasiriwa. Mwandishi mvivu huandika: “wakulima wamelalamika.” Mwandishi mwaminifu hufasiri neno kwa neno, kilo kwa kilo, na kuutaja uchungu kama ulivyosemwa. Kiswahili kimetuunganisha, wala hatutaki kukirudisha nyuma. Lakini umoja hautimii iwapo baadhi yetu wanatajwa tu, wala hawasikiki.

Mwalimu aweza kulifanya hili kuwa zoezi la darasani. Wanafunzi wasikilize taarifa moja ya mkoa wao, waandike habari zilivyofuatana, wahesabu wangapi wamesema wenyewe na wangapi wamesemewa. Kisha waiandike upya, wakianza na yule aliyekuwa wa mwisho. Watajifunza muundo wa taarifa. Na zaidi ya hayo, watajifunza kwamba kupanga habari ni kutoa hukumu, na hakimu hapaswi kumsikiliza mmoja akamwacha mwingine mlangoni.