Appunti per un'Orestiade africana

Appunti per un'Orestiade africana (yaani “Madokezo ya Orestia ya Kiafrika”) ni filamu ya Kiitalia ya mwaka 1970, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyoongozwa na Pier Paolo Pasolini (1922–1975). Sehemu kubwa ilipigwa Tanzania na Uganda, ikiwamo Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Ni filamu inayounganisha moja kwa moja sinema ya Italia ya kijamii na magharibi mwa Tanzania.

Chimbuko

Baada ya Vita Kuu ya Pili waongozaji wa Italia walitoka studio wakaingia mitaani. Roberto Rossellini alitoa Roma città aperta mwaka 1945. Mwaka 1948 Vittorio De Sica, katika Ladri di biciclette, alimpa fundi wa kiwandani, Lamberto Maggiorani, nafasi ya baba anayetafuta baiskeli yake iliyoibwa, ambayo bila hiyo hana kazi. Mwaka huohuo Luchino Visconti alitengeneza La terra trema na wavuvi wa Sicilia wakisema lugha yao wenyewe. Mada zikawa ukosefu wa ajira, njaa, ardhi na unyonyaji.

Pasolini alirithi njia hiyo. Accattone (1961) na Mamma Roma (1962) zinaonyesha makabwela wa pembezoni mwa Roma, na katika filamu ya Injili ya Mathayo (1964) wengi wa waigizaji hawakuwa wa kitaaluma.

Maudhui

Mwaka 1960 Pasolini alikuwa ametafsiri kwa Kiitalia tamthilia za Aeschylus kuhusu Orestes, kijana anayemuua mama yake kulipiza kisasi cha baba. Mizimu ya kisasi inamwandama mpaka mungu wa kike Athena anapounda mahakama ya kwanza, na mizimu hiyo inapewa heshima badala ya kufukuzwa. Pasolini aliona humo taswira ya nchi za Afrika zilizotoka kupata uhuru: je, zinaweza kujenga dola la kisasa bila kuua mila?

Filamu ni maandalizi ya filamu nyingine ambayo haikutengenezwa. Kamera inapita sokoni, barabarani na shuleni ikitafuta sura za kufaa. Miti inayotikiswa na upepo inasimama badala ya mizimu, ngoma ya Wagogo inaonyesha mizimu hiyo ikigeuka kuwa baraka, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakuwa hekalu la Apollo. Picha za vita vya Biafra zinawakilisha vita vya Troya, alikotoka baba yake Orestes.

Mjadala

Katikati ya filamu Pasolini anawaonyesha picha zake wanafunzi Waafrika mjini Roma. Wanampinga: Afrika ni bara lenye mataifa mengi, haiwezi kubebwa na hadithi moja. Pasolini aliyaacha maneno yao ndani ya filamu, na hapo ndipo ilipo thamani yake kuu. Watu waliopigwa picha Kigoma wanaonekana. Wanaosikika wakizungumza ni wanafunzi wa Roma na mwongozaji mwenyewe.

Umuhimu kwa Kigoma

Masuala ya sinema hii ya kijamii, kama ardhi, yako hai katika nyanda za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Katika kijiji cha Kagerankanda, wilayani Kasulu, wakulima wanaotafuta mashamba na mamlaka za uhifadhi wa msitu wamevutana kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya hiyohiyo, imepokea wakimbizi kutoka Kongo tangu 1996, na baadaye Warundi. Sinema ya Italia nayo imegeukia mada ya wanaohama: Fuocoammare ya Gianfranco Rosi, kuhusu kisiwa cha Lampedusa, ilishinda Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2016. Atakayeleta kamera Kagerankanda ana somo la kuchukua kwa wale wanafunzi: mkulima na mkimbizi waulizwe maisha yao yana maana gani kabla ya kupewa hadithi ya mtu mwingine.