Mtu Aliyezihesabu Herufi

Msomaji mzoefu huona maneno, haoni herufi. Macho yake hupita juu yake kama miguu ipitavyo juu ya mchanga, wala hana haja ya kujua amekanyaga punje ngapi. Lakini mpe herufi chache zilizovurugwa, umwambie azitafutie neno refu la Kiingereza lenye herufi hizo zote, naye atatambua mara moja kwamba kusoma neno ni kazi moja, na kulitoa neno katika fujo ni kazi nyingine. Kazi hii ya pili imekuwa mchezo wa mamilioni ya watu, na aliyeupatia mchezo huo hesabu yake ni mtu aliyekuwa amepoteza kazi.

Jina lake lilikuwa Alfred Mosher Butts, aliyezaliwa mwaka 1899 katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York, Marekani. Alikuwa msanifu wa majengo. Biashara ilipoanguka nchini humo mwaka 1929, watu waliacha kujenga, na mwaka 1931 Butts naye alijikuta hana wa kumchorea nyumba. Ndipo alipoanza kufikiri juu ya michezo. Aliona kwamba michezo ipendwayo ni ya namna tatu: ya kusogeza vitu juu ya ubao, ya bahati na namba, na ya maneno. Hii ya tatu ilikuwa na wapenzi wake, lakini haikuwa na njia nzuri ya kupima nani amemshinda nani kwa kiasi gani.

Kipimo hicho alikitafuta magazetini. Alichukua kurasa za New York Times na za magazeti mengine, akahesabu herufi moja moja: E ngapi, T ngapi, Q ngapi. Hebu mfikirie mtu mzima, asiye na mshahara, ameinama juu ya gazeti asilisome habari zake! Jirani angedhani shida imemvuruga akili. Hata hivyo hesabu ile ndiyo msingi wa vipande 100 vitumiwavyo mpaka leo katika mchezo wa Kiingereza. E ina vipande 12. A na I vipande 9 kila moja. J, K, Q, X na Z kipande kimoja kimoja. Herufi ya kawaida huleta alama moja, na Q na Z huleta 10. S hutokea mara nyingi katika Kiingereza, lakini Butts aliipa vipande 4 tu, kwa sababu huongezwa mwishoni mwa majina kuonyesha wingi, na kama zingekuwa tele mchezo ungekuwa rahisi mno.

Hesabu hii ni ya Kiingereza peke yake. Sisi tusemao Kiswahili tukishika vipande vile, asiyekuwa na kipande kitupu hawezi kuandika hata neno fupi kama kaka, maana K ni moja tu.

Watengenezaji wa michezo waliukataa mchezo wa Butts. Kwanza aliuita Lexiko, nao haukuwa na ubao. Mwaka 1938 aliuongezea ubao, akaubadilisha jina, wakaukataa tena. Mwaka 1948 mtu aitwaye James Brunot aliuchukua, akauita Scrabble, akaanza kuutengeneza huko Connecticut. Mwaka 1949 alitengeneza seti 2,400 na kupata hasara ya dola 450. Miaka mitano baadaye, mwaka 1954, ziliuzwa karibu seti milioni nne. Butts alipata senti chache tu kwa kila seti. Alikuwa amekwisha kurudi katika kazi yake ya majengo, akafariki mwaka 1993.

Yasimuliwa kwamba hakuwa hodari wa tahajia, na kwamba mkewe, Nina, alizoea kumshinda. Siku moja bibi huyo aliandika neno quixotic, akapata alama 234. Hesabu yake ni halali: herufi zake nane hujumlika kuwa 26, na zikipita juu ya miraba miwili ya kuzidisha mara tatu, 26 huzidishwa mara tisa.

Maneno kama hilo hupatikanaje? Wachezaji wakubwa huzipanga herufi kwa utaratibu wa alfabeti, ili fujo ya namna yoyote iwe na sura moja ya kukumbukwa. Aonaye A, E, I, N, R, S na T hukumbuka mara moja nastier, retains na retinas. Wengine hutenga kwanza miisho kama ing, ed na tion, kisha hutazama kilichobaki. Chukua education, neno lenye irabu zote tano. Herufi zake hizo hizo, bila kuongeza wala kupunguza, hutoa cautioned na auctioned: elimu, aliyeonywa, na kilichonadiwa. Maana hazina udugu. Herufi ndizo ndugu.

Kwa hiyo mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand aliweza kuwa bingwa wa mchezo huu kwa Kifaransa, huko Ubelgiji, ingawa Kifaransa hakukijua. Alikuwa amezitia kichwani orodha za maneno yake kwa muda wa majuma tisa hivi.

Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia kwa Kiingereza, katika mji wa Perth, Australia. Katika fainali alimshinda Lewis Mackay wa Uingereza michezo minne kwa sufuri. Wanigeria walikuwa wamejizoeza njia iliyowashangaza wengi: mara nyingi waliliacha neno refu hata walipoliona, wakaandika fupi la herufi nne au tano, ili vipande vizuri vibaki mkononi na mpinzani asiachiwe nafasi ubaoni.